Pilipili, baridi na presha: maneno ya mtaani Kigoma na ukweli wake

Kaa kwenye banda la chakula pale Kibirizi, agiza ugali na mgebuka wa kukaanga, nyoosha mkono uchukue pilipili, hakosi mtu wa kukwambia "we si una presha, acha hiyo". Na anayesema hivyo utakuta kashamwagia chumvi sahani yake kabla hata hajaonja.

Ukweli ni kwamba pilipili ya kawaida ya mezani siyo inayokupa presha. Ule mwasho unatokana na kitu kinaitwa kapsaisini, kinaenda kufungua chaneli, yaani kimlango kidogo sana kwenye neva (mshipa wa fahamu), inaitwa TRPV1, ambayo yenyewe huwa inafunguka ikikutana na joto la kama nyuzi 43 kwenda juu, ndo maana mdomo unaona unaungua na jasho linakutoka hata kama ugali umepoa. Mwanasayansi David Julius na wenzake huko Marekani waliitambua chaneli hiyo mwaka 1997, na 2021 akapata tuzo ya Nobeli pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian. Sasa ikifunguka kalsiamu inaingia, neva inatoa kemikali zinazolegeza mishipa ya damu ya jirani, na kwenye ukuta wa ndani wa mshipa wa damu chaneli hiyo hiyo inachochea naitriki oksaidi, gesi ambayo nayo inautanua. Kuna utafiti wa China wa 2010, panya wenye presha ya kurithi walilishwa kapsaisini muda mrefu na presha ikashuka.

Hapo ndo wengine wanarukia upande wa pili, "kumbe ni dawa, basi vidonge naacha". Jamani, panya siyo baba yako! Kwa binadamu majaribio hayajaonyesha presha ikishuka kiasi cha kutegemea, tena chaneli hiyo hiyo ikiwa kwenye misuli ya mshipa inaweza kuubana badala ya kuutanua, na wapo waliobugia pilipili kupita kiasi wakafikishwa hospitali presha imepaa. Halafu amlodipini, dawa ya presha wanayomeza wengi, inaziba chaneli nyingine kabisa ya kalsiamu, ile inafunguka kwa umeme wa seli na siyo kwa joto, kwahiyo pilipili haiwezi kukaa nafasi yake.

"Presha ni ya watu wa baridi, sisi wa ziwani joto linatulinda." Nusu tu. Baridi kweli inapandisha, ngozi inaihisi kupitia chaneli inaitwa TRPM8 (ndo hiyo hiyo inayokupa ubaridi ukinusa mentoli), mwili unabana mishipa ya ngozi joto lisipotee na kipimo kinapanda, asubuhi za Julai kule Kasulu wanaijua hiyo. Ila chumvi, unene, pombe na urithi havijali unakaa Ujiji au wapi. Na joto lina mtego wake, mishipa ikitanuka kipimo kinaweza kushuka kidogo, mtu anajiona kapona anaacha dawa, mvua zikianza na baridi kurudi, presha inapanda tena.

Unasubiri kichwa kiume ndo ujue una presha? Presha mara nyingi haiumi popote, pima tu.

Ila ukishuka kwenye bodaboda umelowa unatetemeka usikimbilie mashine ya kupimia, jikaushe, upate joto, kaa kimya kama dakika tano mkono ukiwa usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi rudi upime siku nyingine, ikijirudia ndo tunaita presha.