Kwa nini mashine ya kadi inakataa ukiswipe, inataka uchomeke?

Malaba, upande wa Uganda, kwenye kituo cha mafuta, saa mbili usiku. Dereva wa trela aliyekuwa mbele yangu alitoa kadi ya kampuni yao akaipitisha ubavuni mwa mashine, haraka, kama mtu aliyezoea. Mashine ikalia kidogo, ikakataa. Akarudia polepole. Ikakataa tena.

"Braza, hiyo ina chipu. Chomeka hapa chini," mhudumu wa pampu akamwambia, akimwonyesha tundu kwa kidole kilicholowa dizeli.

Akachomeka, ikakubali. Akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi: "Kadi ni ileile, pesa ni zilezile. Mbona inabagua?"

Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa maneno machache. Hapa naweza kulieleza vizuri zaidi.

Ule mstari mweusi nyuma ya kadi ni ukanda wa sumaku, ndugu wa zile kanda za kaseti tulizokuwa tukizizungusha kwa kalamu ya biki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Forrest Parry, alikuwa anatafuta namna ya kuubandika ukanda wa aina hiyo kwenye kadi ya plastiki, na gundi zote zilikuwa zinamwangusha. Kwa jinsi IBM wanavyoisimulia, alifika nyumbani akamkuta mkewe anapiga pasi, mke akamshauri avipigie pasi pamoja, ukanda na kadi. Vikashikana. Dunia nzima imelipa kwa kutumia pasi ya yule mama kwa zaidi ya nusu karne.

Katika ukanda huo kuna njia ambayo mashine nyingi huisoma, nayo haibebi zaidi ya alama 40. Kuna namba ya kadi, kuna tarehe ya kuisha, kisha kuna tarakimu tatu ambazo huzioni popote kwenye plastiki. Hizo tatu ndizo zilizomkatalia dereva wetu. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2 au 6, maana yake ni kwamba kadi hii ina chipu na mashine iitumie hiyo. Kwa hiyo mashine ya Malaba ilikuwa imeusoma mstari vizuri kabisa. Ni mstari wenyewe ulioiambia isiukubali.

Mwizi mwerevu atasema: basi nanakili mstari, halafu ile 2 naigeuza 1, kadi ijifanye haina chipu. Walishamfikiria. Ndani ya mstari huohuo benki huweka namba ya uhakiki iliyokokotolewa kwa siri kutokana na namba ya kadi, tarehe yake, na zile tarakimu tatu. Ukigusa moja, hesabu haifungi, na benki inakataa. Namba hiyo siyo ile ya tarakimu tatu iliyochapwa nyuma karibu na saini. Ile ya nyuma hukokotolewa kwa kuweka 000 mahali pa zile tarakimu tatu zilizofichwa, na namba ya uhakiki inayokaa ndani ya chipu hutumia 999. Ndiyo maana aliyeiba data za chipu hawezi kuzihamishia kwenye mstari, na aliyenakili mstari hawezi kubuni namba ya nyuma ili anunue vitu mtandaoni. Mimi hapa huwavulia kofia waliobuni jambo hili.

Lakini kwa nini mstari unaogopwa hivi? Kwa sababu ni kasuku. Ukiuuliza leo, kesho, Kampala au Dubai, unasema maneno yaleyale. Anayeyasikia mara moja ameshakuwa nayo. Wezi walikuwa wanabandika kifaa chembamba mdomoni mwa ATM, na kamera ndogo juu ya vitufe ili kuchukua namba ya siri. Wewe unatoa pesa zako na kwenda zako nyumbani, kadi iko mfukoni, na huku pacha wake anatengenezwa. Marekani, waliochelewa sana kuhamia kwenye chipu, waliona mambo mwishoni mwa 2013: wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya maduka ya Target wakaondoka na data za kadi zipatazo milioni 40.

Chipu si kasuku. Ni kompyuta ndogo, na kila Mganda anayo nyingine mfukoni: laini ya simu. Kile kipande cha rangi ya dhahabu kwenye laini na kile cha kwenye kadi ya benki ni vya ukoo mmoja. Havina betri. Vinapata umeme pale vinapogusana na mashine, ndiyo sababu ukichomoa kadi kabla mashine haijamaliza, muamala unakufa katikati.

Tuseme umenunua mafuta ya shilingi 180,000. Mashine inaiambia chipu: kiasi ni hiki, sarafu ni 800 (ndiyo namba ya shilingi ya Uganda katika orodha ya kimataifa), tarehe ni hii, na hapa kuna namba ya kubahatisha niliyoitoa sasa hivi. Chipu inaongeza hesabu yake yenyewe ya miamala iliyokwisha kufanya, inavichanganya vyote na ufunguo wa siri uliozikwa ndani yake siku kadi ilipotengenezwa, na kutoa jibu. Benki, yenye njia ya kuupata ufunguo huohuo, inarudia hesabu na kulinganisha. Ufunguo hautoki nje ya chipu hata siku moja. Mwizi aliyesikiliza mazungumzo yote amebaki na jibu la swali ambalo halitaulizwa tena.

Wafaransa ndio waliotangulia. Roland Moreno aliomba hataza ya kadi yake yenye chipu mwaka 1974, na kufikia 1992 kadi za benki za Ufaransa zote zilikuwa na chipu. Huko kupiga simu benki kwa kila malipo kulikuwa ghali, wakataka kadi inayoweza kuhakiki namba ya siri yenyewe, papo hapo dukani. Marekani simu zilikuwa rahisi, duka liliuliza benki kila mara, hawakuona haraka. Baadaye Europay, Mastercard na Visa walikaa pamoja wakaandika kanuni za kuelewana, zinazoitwa EMV kwa herufi zao za kwanza. Kilichowasukuma wenye maduka hasa ni kanuni ya nani anabeba hasara. Marekani, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015, kadi yenye chipu ikighushiwa na duka halina mashine ya kusoma chipu, hasara ni ya duka. Mashine zilinunuliwa.

Kuna tundu moja lililobaki. Chipu ikichafuka au ikakwaruzwa, mashine nyingine hujaribu mara kadhaa kisha zinakuruhusu uswipe. Matapeli wanalijua hilo, huja na kadi yenye chipu iliyokufa makusudi. Ndiyo maana benki nyingi siku hizi hukataa hata hapo, na wewe mwenye kadi halali unabaki umesimama kaunta umeshika mkate. Futa chipu kwa kitambaa kikavu kabla hujamkasirikia mhudumu.

Na kadi za kugusisha je? Humo ndani ya plastiki kumezungushwa waya mwembamba. Mashine inatoa mawimbi, waya unayageuza kuwa umeme wa kutosha kuiamsha chipu, na maongezi ni yaleyale ya swali na jibu. Umbali wake ni kama sentimita 4. Kwenye taksi za Old Park, Kampala, nimesikia mara nyingi hofu ya jamaa atakayepita na mashine akigusisha mifuko ya abiria. Inawezekana kidogo, haifai sana. Mashine imesajiliwa kwa jina la mtu na pesa zinaingia akaunti inayojulikana, na kiasi kikizidi kiwango fulani inadaiwa namba ya siri. Anachoweza kukusomea kwa mbinu hiyo mara nyingi ni namba ya kadi na tarehe ya kuisha. Zile tatu za nyuma hazimo.

Chipu nayo iliwahi kuchezewa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba mtu akijiweka kati ya kadi na mashine, anaweza kuidanganya mashine kuwa namba ya siri ni sahihi, na kadi ikadhani mteja ametia saini badala ya kubonyeza namba. Mwaka uliofuata genge moja Ufaransa likafanya hivyo kweli: walichukua kadi zilizoibwa, wakabandika chipu yao nyembamba juu ya ile halisi, ikawa inaitikia "ndiyo" kwa namba yoyote utakayobonyeza. Wakakomba karibu euro 600,000. Kadi moja ilipopigwa eksirei ndipo chipu mbili zilionekana zimelaliana. Tundu hilo limezibwa. Benki sasa inaweza kulinganisha alichosema kadi na alichosema mashine.

Kwa hiyo wezi wengi waliacha kuhangaika na plastiki. Wanampigia mwenyewe. "Nakupigia kutoka benki, kadi yako imefungwa, nisomee zile tatu za nyuma, na namba itakayoingia kwenye simu sasa hivi." Mjomba wangu aliwasomea, mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini. Hakuna chipu inayozuia hilo. Sasa amebandika plasta juu ya zile tatu, na namba zenyewe amezihifadhi kichwani.

Dereva alipokuwa anaiingiza risiti kwenye buku lake aliniuliza swali la mwisho: kama mstari haufai, kwa nini bado wameuacha kwenye kadi? Nikamwambia ni kwa ajili ya mashine kuukuu zilizobaki huku na kule, na kwamba Mastercard walitangaza mwaka 2021 kuwa wanauondoa kidogo kidogo, na kufikia 2033 kadi yao yoyote haitakuwa nao.

"2033," akasema, akipanda gari. "Mimi nitakuwa nimestaafu. Watamwambia kijana wangu."