“Huyu Mvivu Tu”: Tunayoyakosea kuhusu Mtoto Asiyeweza Kusoma

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, na kila muhula nasikia maneno yale yale, kwa wazazi na kwa sisi walimu wenyewe. Nayaandika kwa sababu wanaoumia ni watoto.

“Darasani anasoma vizuri na wenzake.”

Anaitikia. Watoto 80 wakisoma kwa pamoja, sauti ya asiyejua inafuata nyuma kidogo ya wenzake, na mwalimu aliyesimama mbele hawezi kuitambua. Wapo wanaokariri ukurasa mzima. Mtoto mmoja alinisomea “Baba analima shamba” bila kukwama, kidole kikifuata mstari. Nikaufunika mchoro kwa kiganja, nikamwonyesha neno la mwisho peke yake. Akanyamaza. Kisha akaanza upya kwenye “Baba”, akasogeza kidole neno kwa neno mpaka akafika pale. Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri sana, na ndiyo iliyomficha mwaka mzima.

Ndiyo maana upimaji wa stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) humwita mtoto mmoja mmoja, mbali na kelele za wenzake. Anasoma silabi, maneno, kisha hadithi fupi kwa kupimiwa muda na kujibu maswali. Huwekwa pia maneno ya kubuni, kama “bilu” au “tefo”. Neno ambalo hajawahi kulisikia hawezi kulikariri, lazima alisome. Mwalimu yeyote anaweza kuanza hivyo kwa karatasi na kalamu, dakika tano kwa kila mtoto.

“Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Asiyekiweza ni mvivu au hana akili.”

Wepesi wa maandishi yetu hupunguza makosa, lakini hauondoi disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uvivu wala ukosefu wa akili. Utafiti wa mwaka 2001 ulilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao nayo huandikwa karibu na inavyotamkwa, walisoma vizuri kuliko wale wengine, ila picha za ubongo zilionyesha udhaifu ule ule kwa wote.

Kwetu huonekana zaidi katika kasi na katika imla. Mtoto anapatia, lakini “ma… to… pe” inamchukua muda mrefu hivi kwamba akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Kwenye imla, “mbwa” inakuwa “bwa”, “ng’ombe” inakuwa “gobe”. Mtoto huyo huyo msomee hadithi kwa sauti, atakujibu maswali yote. Huyo utamwitaje mjinga?

“Anageuza b na d, basi ana disleksia.”

Wanaoanza kusoma wengi hugeuza. Peke yake haitoshi kuwa dalili.

“Apewe miwani tu.”

Macho yapimwe, na masikio pia. Mtoto anayetoka usaha sikioni huenda hasikii tofauti ya sauti unazomfundisha. Hilo liwe la kwanza kabisa. Lakini miwani haitibu disleksia, kwa kuwa shida iko katika kuunganisha sauti na herufi. Kenya kuna vituo vya EARC vya kupima watoto wenye shida za kujifunza, vilivyoanza mwaka 1984, ambako mzazi anaweza kumpeleka mtoto. Wengi hawavijui.

“Arudie darasa, atakomaa.”

Atapewa somo lile lile kwa njia ile ile, safari hii akiwa na aibu mbele ya wadogo zake. Na akiachwa apande hivyo hivyo, kuanzia darasa la tatu vitabu vinachukulia kwamba anajua kusoma, na anaanza kufeli hata masomo anayoyapenda.

Kinachosaidia ni kikundi kidogo, muda mfupi kila siku, kuanzia kwenye sauti: “mmm”, si “emu”, jina la herufi. Mimi natumia visoda vilivyoandikwa herufi. Tunavisogeza, m na a, mpaka vigusane, na mtoto anatamka “ma” kidole chake kikiwa juu yake. Anayeelewa leo na kusahau kesho tunamrudisha pale pale, bila kumgombeza.

Yule wa “Baba analima shamba” nilimrudisha kwenye irabu tano. Mwezi wa tatu nikampangia visoda vinne: b, i, l, u. Akasoma polepole, akarudia, akaniangalia.

“Mwalimu, hili si neno.”