Maembe Yakiwa Bado Mtini: Dhana Potofu Kuhusu Chipukizi wa Hoki ya Barafu

Kila ifikapo mwisho wa Juni, baraza letu pale Majengo huwa na mjadala mmoja. Mazoezi ya mpira wa magongo yakishakwisha, vijana hukaa na kahawa chungu na kashata, simu zinapita mkono kwa mkono, wanasoma majina ya watoto wa Kanada, Uswidi, Urusi na Marekani waliochaguliwa na timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Mechi za ligi hiyo huchezwa sisi tukiwa usingizini, nyingi zikianza saa nane au saa tisa za usiku, na bado wapo wanaokesha. Mimi nafurahi kuona hivyo. Ila mengi yanayosemwa pale kuhusu namna ya kumpima kijana si kweli. Na kwa kuwa baadhi ya wasemaji ndio hao hao wanaonisaidia kuchagua watoto wa timu yetu, kosa la barazani huishia uwanjani.

Kwanza jambo lenyewe. Uteuzi wa chipukizi wa NHL, ambao wenyewe huuita drafti (si ile yetu ya vizibo vya soda), ulianza Montreal mwaka 1963. Siku hizi timu 32 hupokezana zamu kwa raundi 7, jumla ni kama majina 224. Kijana akitajwa, hajasajiliwa bado. Timu imepata haki ya kuzungumza naye, na nyingine katika ligi hiyo hazina ruhusa ya kumgusa. Yeye hakuulizwa anataka kwenda wapi. Hapa kwetu klabu kama Bandari ikimtaka kijana itamfuata, itaongea naye na wazazi wake. Kule zamu ndiyo inayoamua. Na anayechaguliwa kwa kawaida ana miaka 18 tu. Ni kama mchuuzi wa Kongowea anayenunua maembe yakiwa bado mtini: pesa anatoa leo, utamu hajauonja.

"Timu ikishika mkia, mambo yake yamenyooka"

Ni kweli zamu hupangwa kwa kuwatanguliza walioshindwa. Lakini tangu 1995 kuna bahati nasibu kati ya timu zilizokosa mchujo (mechi za mtoano za kuwania ubingwa), na kwa kanuni za miaka ya karibuni timu ya mwisho kabisa ina nafasi ya asilimia 25.5 ya kupata zamu ya kwanza. Karibu mara tatu katika nne, zamu hiyo inakwenda kwa mwingine.

Na hata ukiipata, tazama timu ya Edmonton. Walichagua wa kwanza mwaka 2010 wakamchukua Taylor Hall, 2011 Ryan Nugent-Hopkins, 2012 Nail Yakupov. Miaka mitatu mfululizo! Timu ikaendelea kukosa mchujo hadi 2017, na wakati huo walikuwa wameshampata Connor McDavid, wa kwanza wa 2015. Yakupov alikuwa ameshaondoka NHL kabla ya kutimiza miaka 25. Mimi naamini watoto wakitupwa katika timu isiyo na wakubwa wa kuwaelekeza, wanachojifunza ni kuzoea kufungwa. McDavid mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, alifika fainali za 2024 na 2025 na zote mbili wakashindwa na Florida. Golini mwa Florida alisimama Sergei Bobrovsky, ambaye hakuna timu hata moja iliyowahi kumtaja siku ya uteuzi.

"Nambari aliyochaguliwa ndiyo thamani yake"

Detroit walimchukua Pavel Datsyuk nambari 171 mwaka 1998, na Henrik Zetterberg nambari 210 mwaka uliofuata. Walitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, pamoja mwaka 2008, na Zetterberg akawa mchezaji bora wa mchujo ule. Henrik Lundqvist, kipa wa miaka mingi wa New York Rangers, alikuwa nambari 205 mwaka 2000. Upande wa pili, Ottawa walimchukua Alexandre Daigle wa kwanza mwaka 1993 kwa shangwe kubwa, hakuwa nyota waliyemtarajia. Aliyemfuata, beki Chris Pronger, ndiye aliyeingia katika Ukumbi wa Magwiji wa hoki.

Hapo vijana wangu huruka upande wa pili: basi nambari hazina maana, uteuzi ni kamari. Hilo nalo si sahihi. Ukizichukua zamu zote kwa jumla, wa mwanzo mwanzo huwa bora kuliko wa nyuma, na tofauti kati ya nambari 1 na 10 ni kubwa kuliko kati ya 100 na 200. Wengi wa raundi ya 6 na ya 7 hawachezi NHL hata mechi moja. Datsyuk tunamkumbuka kwa sababu ni wachache walio kama yeye. Ndiyo maana timu nyingine hubadilisha zamu moja ya mbele kwa mbili za nyuma, ili wawe na nafasi nyingi za kubahatisha. Hata hiyo haitoshi kama jicho limekosea. Mwaka 2015 Boston walikuwa na zamu tatu zilizofuatana, ya 13, 14 na 15. Kati ya wale watatu ni Jake DeBrusk peke yake aliyekuja kuwa mchezaji wa uhakika. Nambari 16 alikuwa Mathew Barzal, 17 Kyle Connor, 18 Thomas Chabot.

"Mwenye mabao mengi ndiye bora"

Hapa ndipo ninapotaka kusema kwa kirefu, maana ndipo tunapowaumiza watoto.

Kijana mwenye pointi 90 (mabao pamoja na pasi za mabao) katika ligi ya vijana wa Kanada na mwenye pointi 20 katika ligi kuu ya Uswidi hawapimwi kwa mzani mmoja. Wa kwanza anacheza na rika lake. Wa pili anagombania puki, kile kisahani wanachocheza badala ya mpira, na wanaume wa miaka 30 wenye ndevu, na mara nyingi kocha humpa dakika chache. Wasaka vipaji wazuri huuliza mambo manne kabla ya kugusa hesabu ya mabao: alicheza na nani, alicheza dakika ngapi, nani alikuwa akimpa pasi, na alizaliwa lini.

Alizaliwa lini! Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997. Sharti la uteuzi ni kuwa na miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba. Siku mbili zikamsogeza kutoka uteuzi wa 2015 hadi wa 2016. Mwaka huo wa kungoja aliutumia Uswisi, akicheza na wanaume katika timu ya Zürich, kisha Toronto wakamchukua wa kwanza. Mechi yake ya mwanzo NHL alifunga mabao manne. Ubora wake hauna ubishi. Lakini fikiria mwenzake wa uteuzi huo huo aliyezaliwa Agosti 1998: karatasini wote ni "watoto wa mwaka huu", kumbe mmoja amemtangulia mwenzake kwa miezi kumi na moja. Katika umri huo, miezi kumi na moja ni mabega, ni mbio, ni akili ya kusoma mchezo.

Tatizo huanza mapema zaidi. Kanada hupanga rika za watoto kwa kuanzia Januari, na watafiti walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba waliozaliwa Januari hadi Machi wamejaa kupita kiasi katika timu za juu. Si kwamba Januari huzaa vipaji. Mtoto wa Januari akiwa na miaka tisa ni mkubwa kuliko wa Desemba, anachaguliwa, anapewa kocha mzuri na mechi nyingi, na mwisho kweli anakuwa bora. Yule wa Desemba amesharudi nyumbani.

Nimelifanya kosa hilo kwa mikono yangu. Katika majaribio ya watoto wa chini ya miaka 14 nilimwacha mvulana mmoja kwa sababu alisukumwa kila alipogusa mpira. Baadaye nilipotazama cheti chake cha kuzaliwa nikakuta amezaliwa mwishoni mwa Novemba. Niliyemchukua badala yake alikuwa wa Januari, mwaka ule ule. Pasi za yule mdogo zilikuwa safi, nilikuwa nimeziandika mwenyewe daftarini, kisha nikamkata kwa sababu ya kimo.

"Mfupi hafai kwa mchezo wa kugongana"

Martin St. Louis hakuchaguliwa na timu yoyote, wengi wakisema ni mdogo mno. Mwaka 2004 alikuwa mchezaji bora wa ligi na akanyanyua kombe akiwa na Tampa Bay. Brayden Point naye alishuka hadi nambari 79 mwaka 2014.

"Hatuna beki, basi tuchague beki"

Linaonekana ni neno la busara, lakini kijana wa leo ataingia timu ya wakubwa baada ya miaka miwili, mitatu, wakati mwingine mitano. Kufikia hapo pengo la beki limeshazibwa kwa kununua, na limefunguka pengo la senta, mshambuliaji wa kati. Anayechagua kwa kuziba pengo la leo humwacha kijana bora akamchukua wa pili au wa tatu. Makipa ndio hukawia zaidi, na kumtabiri kipa wa miaka 18 ni kazi ngumu kuliko zote.

Dhana hii ina ndugu yake: kwamba kijana ambaye hajaonekana mwaka mmoja baada ya kuchaguliwa ameshindwa. Tampa Bay walimchukua Nikita Kucherov nambari 58 mwaka 2011, na alianza kucheza NHL Novemba 2013, baada ya ligi ya vijana na muda katika timu yao ya akiba kule Syracuse. Point alirudishwa kwa vijana misimu miwili. Hakuna aliyewatangaza kuwa hasara. Kombe la 2020 na la 2021 waliyatwaa wote wawili. Kwa hiyo ukitaka kujua kama timu ina mkakati, usiishie kwenye orodha ya majina ya Juni. Fuata wale waliochaguliwa miaka minne iliyopita: wako wapi, nani anawafundisha, wanapewa dakika za kukosea na kujirekebisha?

Likizo ya Agosti tunafanya majaribio tena. Daftari jipya nimelichora mwenyewe, na safu ya kwanza baada ya jina ni tarehe ya kuzaliwa. Mvulana wa Novemba nimempelekea ujumbe kupitia mamake. Amesema atakuja.