Sauti za Busara: hela ya getini haitoshi jamani

Kila Februari hapa Zanzibar, likifika tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, nasikia ile ya "Ngome Kongwe imejaa wazungu, jamaa wanaogelea kwenye hela." Hapana bana. Busara Promotions, wanaoliandaa, ni NGO, sio biashara ya mtu, na tiketi zinalipa sehemu tu ya gharama maana kuna nauli za bendi, malazi, spika, mafundi, taa, halafu Mtanzania anaingia kwa bei ya chini kuliko mgeni, sasa lile pengo linazibwa na wafadhili, balozi zikiwemo. Unabisha? 2016 tamasha halikufanyika kabisa, na sio kwamba watazamaji waliisha, hela za wafadhili ndo zilikosekana. Na lile gwaride la ufunguzi, matarumbeta ya beni mbele watoto wanakimbia nyuma, mbona unalicheki bure barabarani?