Lile Jitu Jekundu Si Ibilisi: Dhana Potofu Kuhusu Majalada ya Dungeons & Dragons

Dhana: Yote yalianzia kwenye sanduku jekundu lenye joka.

Sanduku hilo, kazi ya Larry Elmore, ni la 1983. Mchezo wenyewe, ambamo wachezaji huigiza wahusika wa ulimwengu wa kubuni, ulikuwa umeshatimiza miaka tisa. Ulitokea Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1974, ndani ya sanduku lenye michirizi ya kuigiza mbao, na juu yake mpiganaji amepanda farasi aliyeinuka kwa miguu ya nyuma. Greg Bell alimnakili kutoka kwenye katuni ya Marvel, Strange Tales namba 167 ya mwaka 1968.

Dhana: Jalada la Dungeon Masters Guide ya 1979, kitabu cha mwongozaji wa mchezo, ni picha ya Shetani.

Miaka ya 1980, baadhi ya Wakristo wa Marekani walidai mchezo huu unawavuta vijana kwenye ibada za kishetani. Mtu aliyekwisha kuamini hivyo, akiona jitu jekundu lenye pembe limemkamata mwanamke, atahitaji ushahidi gani tena? Lakini David C. Sutherland III alichora ifriti, na wasomaji wa Pwani waliokulia kwenye hadithi za majini wangemtambua mara moja. Mwanamke yule si kafara pia: wapo watu wawili wanaolikabili jitu lile.

Geuza kitabu. Nyuma kuna Mji wa Shaba, ule wa Alfu Lela Ulela, ambao Amir Musa aliufikia akitafuta vyombo vya shaba ambamo Nabii Suleiman aliwafungia majini. Katika hadithi, mji umejaa maiti. Kampuni ya TSR, iliyochapisha mchezo huu, iliuhamishia kwenye ulimwengu wa moto na kuwapa maifriti. Wizi mzuri, kwa maoni yangu. Hata hivyo lawama hazikupita bure: toleo la pili la mchezo, la mwaka 1989, liliyaondoa majina ya mashetani.

Dhana: Jalada la Players Handbook ya 1978, kitabu cha wachezaji, linaonyesha mashujaa vitani.

Tazama tena. Vita vimekwisha. Watu-mijusi wamelala wafu na wanaburutwa, mmoja anafuta upanga wake, wengine wanasoma ramani, na wezi wawili wamelipanda sanamu kubwa wanang'oa kito cha jichoni. Ushujaa uko wapi hapo? Ni uporaji, na ndivyo wachezaji wengi walivyocheza. Hakuna jalada jingine la enzi hizo lililousema mchezo kwa ukweli namna hii.

Dhana: Mchoraji wa jalada hilo, David Trampier, alikufa miaka ya 1980.

Mwaka 1988 katuni yake ya Wormy ilikatika ghafla katika jarida la Dragon, naye hakupatikana tena. Wengi wakahitimisha kwamba amefariki. Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu cha Carbondale, Illinois, lilimwandika dereva teksi wa mjini hapo: ndiye huyo Trampier, aliyekuwa ameiacha tasnia kwa hiari yake. Alifariki Machi 2014.