"Shade" na "shadow": zote kivuli, lakini fimbo ina moja tu

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea mhariri mmoja mkali tafsiri yangu ya hadithi fupi. Sentensi yenyewe ilikuwa nyepesi: wasafiri wamechoka, jua la utosi linachoma, wakaketi kwenye kivuli cha mti. Kwa Kiingereza nikaandika kwamba wameketi "in the shadow of the tree". Ukurasa ulirudi huku neno "shadow" limezungushiwa duara jekundu, na pembeni pana swali moja: "Walikuwa wamejificha?"

Nilikasirika. Nikafungua kamusi: "shade", kivuli, "shadow", kivuli. Sasa kosa langu liko wapi?

Kamusi haikuwa na kosa. Kiswahili kina neno moja linalobeba mizigo miwili, na sisi tunaojifunza Kiingereza tukitokea huku hulazimika kujitungia kanuni za kuitenganisha mizigo hiyo. Kanuni hizo nimezisikia nyingi, moja wapo niliwahi hata kuifundisha kwa kujiamini kabisa. Karibu zote ni potofu.

Dhana: ni neno lile lile, tumia lolote

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kiingereza kilichosemwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita kilikuwa na neno moja tu, "sceadu". Zama hizo nomino ya Kiingereza ilibadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Ikiwa kiima ilikuwa "sceadu". Ikifanya kazi nyingine, kwa mfano kufuata kihusishi, iligeuka kuwa "sceadwe". Umbo la kwanza ndilo lililozaa "shade", na la pili likazaa "shadow". Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa "mead" na "meadow", yote mawili yakimaanisha uwanda wa majani, ila pale pacha mmoja alidhoofika: "mead" ya majani leo utaikuta kwenye mashairi ya kale tu. "Shade" na "shadow" walinusurika wote wawili, na mapacha wakiishi nyumba moja hatimaye hugawana kazi.

Kazi waligawana hivi. "Shadow" ni umbo. Kitu kimesimama mbele ya mwanga, na upande wa pili ikachoreka picha yake nyeusi, yenye kingo na yenye mwenyewe. "Shade" ni mahali, au tuseme ni hali ya kukingwa na jua. Haikuonyeshi sura ya kitu chochote, inakupa nafuu. "Shadow" unaitazama, "shade" unaiingia.

Methali yetu moja inalieleza jambo hili kuliko vitabu vingi vya sarufi: kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Ichomeke fimbo ardhini, uitazame. "Shadow" inayo, tena imenyooka safi. "Shade" haina hata ya kumtosha kifaranga. Anayesema maneno haya ni kitu kimoja aende akapumzike chini ya fimbo hiyo saa saba mchana.

Dhana: "shade" ni ya mti, "shadow" ni ya mtu

Hii ndiyo niliyoifundisha. Inapendeza kwa sababu mifano ya vitabuni huiunga mkono: mti na "shade" yake, mtoto anayekimbizana na "shadow" yake. Mwanafunzi anaandika daftarini, mwalimu anaweka alama ya vema, na kosa linaendelea na safari.

Ukweli ni kwamba mti mmoja una vyote viwili kwa wakati mmoja. Asubuhi mapema jua likiwa chini upande wa mashariki, mti huo hulaza mchoro mrefu kuelekea magharibi, shina na matawi yote yakionekana. Ukisimama mbali ukautazama mchoro ule, unaona "shadow" ya mti. Ukitembea ukakaa juu yake ili ujikinge, umekaa kwenye "shade". Ardhi ni ile ile, na giza ni lile lile. Kilichobadilika ni kile unachokitaka kwake. Na mtu naye anaweza kuwa na "shade": mama akisimama kati ya jua na mtoto aliyelala, anachompa mtoto ni "shade", ingawa ukingo wa bega lake unaoonekana kwenye shuka ni wa "shadow".

Ndipo nilipolielewa swali la mhariri. Sarufi ya "in the shadow of the tree" haina tatizo. Lakini msomaji wa Kiingereza akikutana nayo bila maelezo mengine huwaza giza, huwaza mtu asiyetaka kuonekana, au huona umbo jeusi la mti limewaangukia wasafiri. Hawazi kupumzika. Mimi nilikuwa na wasafiri waliochoka, yeye akawaona wezi.

Kuna toleo lingine la dhana hii linalosema tofauti ni ukubwa, kwamba kivuli kikubwa ni "shade" na kidogo ni "shadow". Basi chukua kivuli kikubwa kuliko vyote tunavyokutana navyo, cha dunia yenyewe. Sehemu yake nyeusi kabisa inaenea angani kwa takriban kilomita milioni 1.4. Mwezi ukipita humo tunasema umepatwa, na sisi wenyewe tunaingia humo kila jioni, maana usiku si kitu kingine. Kwa Kiingereza hiyo ni "shadow". Sijawahi kumsikia mtu akiuita usiku "shade".

Kinachosaidia zaidi ni kutazama namna kila kimoja kinavyopimwa. "Shadow" ina urefu. Takriban mwaka 240 KK, Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alitumia jambo hilo kukadiria mzingo wa dunia. Siku ambayo jua la adhuhuri lilisimama wima juu ya Syene, mji wa Misri ambao leo ni Aswan, huko Aleksandria vitu vilivyosimama bado vilitupa kivuli, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Basi umbali kati ya miji hiyo miwili nao ni sehemu moja ya 50 ya mzingo wote. Kijiti kilichochomekwa wima, ndugu wa fimbo ya methali, kisichoweza kumfunika mtu, kikasaidia kuipima dunia nzima.

"Shade" haina urefu wa namna hiyo. Yenyewe inaingia kwenye joto. Wataalamu wa hali ya hewa wanapotangaza kwamba leo ni nyuzi 36, wanazungumzia joto la hewa kivulini. Kipimajoto chao hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao zilizopangwa kwa mianya ili hewa ipite na jua lisipite, kikiwa kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kisanduku hicho kina jina la mhandisi Thomas Stevenson wa Uskoti, baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson. Mwingereza akilalamikia joto husema ni nyuzi kadhaa "in the shade", akimaanisha hata mahali pa nafuu hapana nafuu. Akisema "in the shadow" utamuuliza, ya nani?

Dhana: "shade" hutokana na jua, "shadow" na taa

Hii haihitaji muda. Jua hutupa "shadow" mchana kutwa. Mwezi mpevu nao hutupa, na hata sayari ya Zuhura, mahali penye giza totoro, huweza kutupa "shadow" hafifu. Ya Zuhura huwezi kuiita "shade" kwa sababu hakuna cha kujikinga nacho. Upande wa pili, kile kifuniko cha taa kinachozuia mwanga usikupige machoni huitwa "lampshade", na jua halihusiki hata kidogo. Kinga, basi.

Dhana: "shade" ni njema, "shadow" ni mbaya

Hapa pana utamu. Wanaoitetea dhana hii huanza na Zaburi ya 23, "bonde la uvuli wa mauti", ambalo katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ni "the valley of the shadow of death". Kisha wanakimbilia Zaburi ya 121, "Bwana ni uvuli mkono wako wa kuume", ambapo Kiingereza kimeandika "shade". Uvuli wa kifo, "shadow". Uvuli wa ulinzi, "shade". Kesi imekwisha.

Haijaisha. Fungua Zaburi ya 17: "unifiche chini ya uvuli wa mbawa zako." Kiingereza cha 1611 hapo kimesema "shadow". Fungua ya 91, penye kukaa katika uvuli wake Mwenyezi: "shadow" tena. Na katika Isaya 25 yupo Mungu aliye "a shadow from the heat", kinga ya joto kabisa, kazi ambayo leo mwandishi yeyote angempa "shade" bila kufikiri mara mbili. Maana yake ni kwamba mwaka 1611 mapacha walikuwa bado wanaazimana nguo, na mgawanyo tulio nao sasa haukuwa umekaza. Watafsiri wetu, kwa kuandika "uvuli" katika zaburi zote hizo nne, hawakupata shida yoyote, nawaonea wivu.

Na "shade" nayo si malaika. Kumrushia mtu vijembe, kwa Kiingereza cha sasa, ni "to throw shade". Msemo huo ulikuzwa na Wamarekani weusi na Walatino wa jumuiya za mashoga jijini New York katika mashindano yao ya mitindo na dansi, ukasambaa hadi kamusi ya Merriam-Webster ikauingiza mwaka 2017. Kwa lugha ya kishairi, "shade" ni mzuka wa marehemu. Vivumishi ndivyo vinavyomaliza ubishi: "a shady man" ni mtu wa kuchunga mfuko wako akikaribia, ilhali "a shadowy man" ni yule asiyejulikana vizuri, ambaye huenda hana ubaya wowote. Lakini "a shady garden" ni bustani ya kutamanika. Neno moja linakupa bustani na tapeli, halafu mtu anakuambia ni jema.

Dhana: ukizijua kama nomino umemaliza

Vitenzi vina njia zao. "To shade" ni kukinga, au kutia weusi kwenye mchoro kwa penseli. "To shadow" ni kumfuata mtu hatua kwa hatua, iwe kwa upelelezi au kwa kujifunza kazi. Rangi zina "shades", yaani kukolea na kufifia kwake, na ndiyo maana tofauti ndogo za maana ni "shades of meaning". Ila poda ya kupaka kwenye kope ni "eyeshadow". Usiniulize kwa nini; watu waliita, likakaa. Waziri kivuli ni "shadow minister", hapo lugha zetu mbili zimepatana. Nakala kivuli ya cheti, hata hivyo, usiiite "shadow copy": jina hilo wanalo watu wa kompyuta kwa namna fulani ya kuhifadhi mafaili, na karani wa Kiingereza atakukodolea macho.

Hadithi yangu ilichapishwa, wasafiri wakiwa "in the shade". Tangu hapo nimekuwa mwangalifu, na bado nanaswa. Juzi nilikuwa na methali nyingine mezani: kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mrefu, shina lake tupu, majani yote yako kileleni, hivyo aliye jirani na shina anabaki juani na giza lake linaangukia kwingine. Nikaandika "shadow", maana kinachosafiri hadi kule ni umbo. Nikasoma tena: huwafunika. Kuna watu wamekaa kule mbali, wanapoa. Nikafuta, nikaandika "shade".