Shahada ya saikolojia pekee haikufanyi mwanasaikolojia wa shule

Dar es Salaam wengi huamini kwamba ukishamaliza shahada ya kwanza ya saikolojia, au ukiwa mwalimu wa ushauri nasaha, tayari wewe ni mwanasaikolojia wa shule. Sivyo. Mwalimu wa ushauri husikiliza na kuelekeza, kazi kubwa na ya heshima. Mwanasaikolojia wa shule huongeza upimaji: kujua kwa nini mtoto hasomi, kisha kupanga msaada na kufuatilia kama unafaa.

Marekani, ambako fani hii ina viwango vilivyoandikwa, chama chake cha kitaifa kinataka angalau uniti 60 za masomo baada ya shahada ya kwanza, mazoezi yanayosimamiwa, halafu saa 1,200 za kazi ya vitendo, angalau 600 kati ya hizo zikiwa shuleni. Kwa kawaida ni miaka mitatu.

Kwa nini saa zote hizo? Kwa sababu makosa ya kupima humwumiza mtoto. Chukua mwanafunzi wa Temeke aliyesoma msingi kwa Kiswahili, sasa yuko kidato cha kwanza. Ukimpa jaribio la Kiingereza linalomlinganisha na wastani wa watoto wa ng'ambo, umepima lugha, si akili. Anayejua kazi huanza na macho na masikio, humtazama darasani, huongea na mzazi, hupitia madaftari (madaftari husema mengi kuliko ripoti), ndipo achague kipimo.

Kwa hiyo ukitafuta shahada ya uzamili, uliza kwanza: nitafanya saa ngapi shuleni, na nani atanisimamia?